Siku Stadi Yetu Ilipopunguzwa Viti

Nadhani katika Kindu nzima ni mimi peke yangu niliyepiga vigelegele siku walipong'oa mabenchi ya stadi, uwanja wetu wa mpira. Wengine walisimama nje ya ukuta wakisonya. Kinyozi wa karibu na lango alitoka na mkasi mkononi akauliza, "Muji uko nakua, stadi iko napunguka? Hii ni akili ya wapi?" Vijana wa pikipiki wakamuunga mkono kwa honi. Mimi nilikuwa natoka sokoni na furushi langu la vitenge kichwani, na furushi halikunizuia. Nilipiga kigelegele kirefu mpaka kinyozi akaniangalia kama mtu aliyecheka msibani.

Acha waseme, nilijiambia. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ilikuwa imekaa ng'ambo ya mto, mtaa wa Alunguli, juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Ni kaka yangu mkubwa.

Wakati wa vita kaka yangu alikuwa kipa. Treni ilikuwa imeacha kuja, chumvi tulipimiwa kwa kijiko, sabuni tulijipikia wenyewe kwa mawese na majivu, lakini mpira haukukosekana. Jumapili stadi ilijaa kupita misa na swala ya Ijumaa zikichanganywa. Watu waliokimbia vijijini walikuwa wamelala vyumbani mwetu, kichwa huku miguu kule, na stadi nako tulikaa vivyo hivyo. Hakuna aliyeambiwa hakuna fasi. Ulisukuma nyonga, ukasema "sogea kidogo", benchi zima likasogea, na mtu wa mwisho akajikuta amekaa kwenye ngazi. Na ngazi zikajaa, na chini ya ngazi pakajaa, mpaka kwenye chokaa ya uwanja.

Mimi nilikuwa msichana mdogo, na sikupata kuwahi hata mara moja, kwa sababu nilimsaidia mama kuuza sombe, yaani kisamvu, mpaka jua lipungue makali. Kaka yangu alilijua hilo. Kabla ya kuvaa buti zake, ambazo aliazima kwa jirani, alivua sandali zake za plastiki akaziweka kwenye benchi la chini kabisa, nyuma ya goli. "Hii ni fasi ya dada yangu," alisema, basi. Kwetu, sandali ya mtu kwenye benchi ni mtu mwenyewe. Unaweza kumpita mtu kwenye foleni ya chumvi, unaweza hata kumnyang'anya zamu yake bombani, lakini ukiisogeza sandali iliyoshika fasi utatukanwa mpaka babu zako waamke. Nikifika nahema, nakuta benchi limebanana kama dagaa, na katikati pengo la upana wa msichana mmoja, na sandali mbili zimenisubiri. Sijawahi kukaa mahali pengine duniani nikajiona malkia kiasi hicho.

Kisha akaacha goli akaingia kwenye baiskeli, kama vijana wote wenye nguvu wakati ule. Walizisukuma baiskeli zilizobeba mizigo mizito, siku nenda siku rudi, wakatupatia chakula. Kwenye mteremko wa njia ya Pangi baiskeli ilimshinda, na madumu ya mawese yakamwangukia mgongoni. Alirudi amebebwa. Miguu haikurudi.

Vita ikaisha, mpira ukaendelea, na kaka yangu akabaki nje ya ukuta. Mara moja marafiki zake walimbeba juu ya mabega kumpitisha kwenye lile jeshi la watu, na katikati ya ngazi wakakwama, akaning'inia hapo kipindi kizima kama kabati linalohamishwa. Hakuona mpira, aliona visogo. Aliposhushwa alisema, "Sitabebwa tena. Mimi si muzigo. Nitaingia siku nitajiingiza mwenyewe." Tangu hapo alikaa nje, nyuma ya lile goli lake, kando ya mama anayekaanga mikate, akisikiliza. Alijua mpira umekwenda wapi kwa kelele tu. Nikitoka kumhadithia, ananikatiza: "Kipa alitoka mapema, njo sababu mumefungwa." Na kweli alikuwa ametoka mapema. Nilicheka naye, nikafika nyumbani nikalia. Niliumia, sitaficha, niliumia miaka yote ile.

Sasa timu yetu imekuwa kubwa. Inacheza na timu za miji yenye barabara za lami. Na ukubwa una masharti yake: ligi ilituma watu kukagua stadi, wakashtuka. Wakasema watu ni wengi mno, hakuna njia ya kutokea, mkishikwa na hofu mtakanyagana. Ama viti vipunguzwe, kila mtu kiti chake na namba yake, ngazi zibaki wazi, ama timu itachezea mechi za nyumbani katika mji mwingine. Mji mwingine! Kutoka Kindu! Mtu asiye na nauli ya ndege angefika mechi imeshasahaulika.

Komite ya timu ikakubali, shingo upande. Mabenchi ya chini yakang'olewa, mahali pake pakasakafiwa kwa saruji tambarare, na langoni pakajengwa mteremko mpole badala ya ngazi. Siku ile ya kung'oa mabenchi, kabla saruji haijamwagwa, nilimuuliza fundi hapo atakaa nani. Akasema hapo hakai mtu, hapo ni pa baiskeli za walemavu, na kiti kimoja kimoja kando yake. Hapo ndipo nilipopiga kile kigelegele. Usiku ule kaka yangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba mafuta ya kulainishia mnyororo wa baiskeli yake.

Siku ya mechi ya majaribio, wakaguzi wakiwapo, mimi nilitangulia. Tulikubaliana yeye atavuka mto baada ya swala ya adhuhuri, apakiwe mtumbwini na baiskeli yake, na kutoka gatini aje kwa mikono yake mwenyewe. Mimi niende nimshikie fasi. Nikaingia stadi nimevaa kitenge kipya, nikatupa macho chini.

Ile saruji tambarare ilikuwa imejaa viti vya harusi! Viti vyeupe vya plastiki, vile tunavyokodisha kwa harusi na matanga, vimepangwa mstari juu ya mstari, vingine vimefunikwa vitambaa. Ngazi zilizopakwa rangi ya njano nazo, kila ngazi na kiti chake. Na juu ya viti wamekaa akina mama wenzangu, wale wale ninaowaanzishia nyimbo kila mechi, wamependeza, wanapunga leso.

Nilikimbilia kwa mkubwa wetu, mama mzee kuliko sote katika kikundi. "Mama, munafanya nini?"

"Tuko napokea wageni, binti yangu," akanijibu kwa furaha. "Walitoa mabenchi yote, stadi ikabaki na mapengo. Wageni watoke mbali vile, wakute fasi tupu? Watasema Kindu haina watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Ningemkasirikiaje? Sisi ndivyo tulivyolelewa. Kwetu karamu yenye kiti kitupu mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo, na mwenye harusi atakwenda kuomba majirani waje kujaza, hata kama hawakualikwa. Akina mama walikuwa wameona viti vimepunguzwa, wakadhani wamegundua upungufu, wakaustiri. Waliwastiri wageni dhidi ya kile kile walichokiomba.

Wageni wenyewe wakafika. Mkubwa wao, mwanamume mwembamba aliyevaa koti katika joto lile, aliangalia ngazi, akaangalia saruji, akamgeukia rais wa komite na kutikisa kichwa. Akasema kama viti hivi vyote havitakuwa vimetoka njiani kabla filimbi haijalia, yeye anafunga mkoba wake. Rais wa komite akaanza kupaza sauti. Polisi wakaanza kushika viti. Akina mama wakashika viti vyao pia, kila mmoja akivuta upande wake, na vijana wa juu wakashangilia kama mechi imeanza. Niliona timu yetu inahama. Nilimwona kaka yangu yuko katikati ya mto, anakuja kukuta visogo.

Basi sikujadili. Nilishuka mpaka kwenye saruji, nikamwinua kwa mkono mama aliyekaa katikati, nikaondoa kiti chake, nikavua sandali zangu nikaziweka pale chini. Nikapaza ile sauti ninayoanzishia nyimbo: "Hapa kuko mutu!"

"Mutu gani?" akauliza mama mzee.

"Kaka yangu. Kipa wa wakati wa vita. Iko naingia leo, na mikono yake mwenyewe. Na kila mutu wa baiskeli kama yake iko na fasi hapa. Hii haiko fasi tupu, mama. Hii fasi iko na wenyewe!"

Mama mzee alimkumbuka. Alimwona akidaka, enzi zile, na alimwona akiletwa kutoka njia ya Pangi. Alisimama polepole, akajishika kiuno, akavua sandali zake akazipanga kando ya zangu. "Mulisikia," akawaambia wengine. "Kuko watu hapa. Simameni."

Nani angebishana na sandali? Wakasimama wote. Akina mama wakavua viatu wakavipanga kuuzunguka ule uwazi wote, na hakuna kijana hata mmoja, hata wale wakorofi wa juu, aliyethubutu kuvuka mstari ule. Viti vya ngazini tukavitoa kama tunavyovitoa harusi ikiisha, mkono kwa mkono juu ya vichwa, kwa wimbo, na ngazi za njano zikaonekana zote mpaka juu. Yule mwenye koti alikodoa macho. Alikuwa amekuja kupima kama Kindu inaweza kuondoka njiani, na Kindu iliondoka njiani inaimba.

Waliokuja kujaza tu, bila namba, ilibidi watoke. Walitoka bila ugomvi. Tatizo lilikuwa mama mzee: naye hakuwa na namba, na nani angemtoa nje mtu mzima kama yule? Nikampa kiti changu chenye namba. Alikataa, nikamfokea, akakaa. Ndiyo maana filimbi ilipokaribia kulia mimi nilikuwa nje ya lango, peku, nimezungukwa na viti vya harusi.

Hapo akatokea. Alikuwa ametota jasho, mikono inazungusha, kofia imeinama. Alisimama mbele ya mteremko akautazama.

"Weye uko nafanya nini nje?"

"Usiulize, yaya, kaka yangu. Ingia. Sandali zangu ziko mbele, nyuma ya goli."

Mlinzi wa lango, kijana mwema, akashika mgongo wa baiskeli ili amsukume. Kaka yangu akageuza shingo, akamwangalia tu, na kijana akaachia. Kisha alizungusha. Mishipa ya shingo ilimtoka, gurudumu la mbele likapanda, akapanda nalo, akazama ndani. Nilisikia akina mama wanamwona. Sijui nieleze vipi kelele ile. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akaja kuuliza nani amefunga, na mpira ulikuwa haujaanza.

Nikakaa nje kando ya mama wa mikate, mahali pake kaka yangu pa miaka yote, nikasikiliza. Nikagundua kuwa unaweza kweli kuiona mechi kwa masikio. Nilimsikia kipa wetu akidaka. Nilisikia timu inapanda, inapanda, halafu stadi nzima ikalipuka, na ndani ya mlipuko ule sauti moja niliyoijua ikimkaripia kipa arudi golini kwake. Nikacheka mpaka mama wa mikate akanipigia makofi.

Wakati wa mapumziko yule mlinzi alinijia mbio. "Mama, tumepita! Mukubwa wao alisema timu inabakia hapa hapa. Na uko naitwa ndani."

"Sina namba, mwanangu."

"Iko kiti kando ya baiskeli. Kila mutu anakifuata, mwenye baiskeli anakataa. Alisema kiko na mutu."

Niliingia peku, nikapita ngazi za njano zilizo wazi, nikapita mstari wa viatu vya akina mama. Kaka yangu alikuwa nyuma ya goli, uwanja wote mbele ya macho yake, hakuna kisogo hata kimoja. Kando yake kile kiti kimoja, na juu ya kiti, sandali zake za plastiki. Soli za sandali hizo zilikuwa mpya kabisa, kwa sababu hazikanyagi chini.

Nikazichukua nikamvika, moja kisha nyingine, huku kila mtu akinitazama na mimi nikilia bila aibu.

"Umechelewa tena," akasema. "Kaa, kipindi cha pili kiko naanza."

Nikakaa.