Harufu ya Moshi kwenye Shati la Jumamosi

Mume wangu ni seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa wetu hapa Tabora vimepita mikononi mwake, na siku alipoambiwa ana saratani ya utumbo mpana hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama ataweza tena kushika randa.

Walimpasua, wakakata walichokata, kisha tukapangiwa dripu za saratani Mwanza, kila baada ya wiki tatu, mara sita. Tulikuwa tunapanda basi alfajiri. Yeye alikaa dirishani, mimi nimeshika ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa sababu wakati wa kurudi kichefuchefu kilikuwa kinamkamata tukikaribia Puge, kila safari, kama vile kimepangiwa kituo.

Safari ya pili nilifanya jambo ambalo sikumwambia. Alipokuwa amelala na dripu mkononi, nilimfuata daktari ukumbini nikamuuliza atapona au hatapona. Daktari akasema, "Mama, siwezi kukuahidi. Tukimaliza zote sita tutapima, ndipo nitakuwa na la kukwambia." Nilinawa uso bombani nikarudi kukaa kando ya kitanda. Mume wangu akanitazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

Baada ya hapo akaanza kwenda Igalula kila Jumamosi ambayo mwili ulimruhusu.

"Naenda kumsalimia binamu," alisema.

Binamu huyo tulikuwa naye kwa miaka yote na hajawahi kusalimiwa kila wiki. Jioni alirudi amechoka, uso umekauka, na nilipochukua shati lake kulifua nikasikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa jikoni, ulikuwa mzito, wa magome. Mikononi alikuwa na mikwaruzo, mingine mifupi na imenyooka. Nikaiangalia ile iliyonyooka. Chale za mganga huwa hivyo.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba ugonjwa ule si wa hospitali. Alilisema akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho, nami nikajua neno lile halikutupwa hewani. Lilikuwa linaniuliza mimi nimemfanya nini ndugu yake. Siku chache baadaye, nikipanga nguo kabatini, nikakuta chupa ya dawa ya kahawia nyuma ya makoti. Niliifungua. Ilikuwa inanuka mizizi.

Muuguzi alikuwa ametuonya: dawa za kienyeji zikichanganyika na dripu zinaweza kuharibu ini. Mume wangu alikuwepo, aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Ningeweza kumuuliza. Badala yake nilichukua kalamu ya shule ya mtoto wetu nikachora kistari kidogo kwenye karatasi ya chupa, pale dawa ilipofikia. Siku ya tatu dawa ilikuwa chini ya kistari. Nikachora kingine. Ikashuka tena. Nilikuwa namsalimia asubuhi, nampikia uji wa ulezi, namkanda miguu iliyokufa ganzi, na moyoni namwita mwongo.

Safari ya nne damu yake ilikutwa imepungua, wakaahirisha dripu kwa wiki moja. Muuguzi akamuuliza, "Baba, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna," alisema.

Nikamtazama. Hakupepesa hata jicho.

Jumamosi iliyofuata aliondoka saa moja asubuhi. Mimi nikapanda gari lililofuata. Pale Igalula, karibu na stesheni, nilimkuta mama anauza maandazi, nikamuuliza nyumba ya binamu. Akasema, "Nyumbani hayupo. Wamepita hapa yeye na mgonjwa wake, wameshika njia ya porini." Neno "mgonjwa" likanichoma. Nikajua ninakwenda kumkuta mganga.

Nilitembea karibu saa nzima. Nilianza kuona moshi kabla ya watu. Niliandaa maneno yote, hata yale ambayo mke hapaswi kumwambia mume.

Nikamkuta amekaa chini kwenye mkeka, tezo mkononi, anachonga ndani ya gogo lililopasuliwa katikati. Pembeni lilikuwepo gogo jingine limeshachongwa, linafukizwa kwa magome yanayowaka taratibu. Binamu alikuwa juu ya mti na kamba, anavuta mzinga wa tatu wa nyuki kuutundika.

"Shikamoo shemeji," binamu akasema kutoka juu.

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu mdomo ulizoea.

Mume wangu aliweka tezo chini. "Umenifuata."

"Nimekufuata. Mganga yuko wapi?"

"Mganga gani?"

"Na ile chupa kabatini?"

Akashusha pumzi. "Ile ya dada? Namwagia mpapai, kidogo kidogo. Kila Ijumaa, ukiwa sokoni, anakuja kuangalia imebaki kiasi gani. Ningeikataa angelia mtaa mzima, na lawama zingekuangukia wewe."

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nikamuuliza kwa nini alinificha mizinga, kazi ambayo haina aibu yoyote, ambayo baba yake na babu yake waliifanya.

"Kwa sababu mzinga ukitundikwa sasa, asali ni mwakani," alisema. "Nilitaka kushika kitu cha mwakani. Nikakuogopa. Siku ile sikuwa usingizini; nilikuona unamfuata daktari nje, ukarudi umenawa uso. Nikasema huyu ameambiwa siku zangu, na nikimwonyesha mizinga, nitaona usoni mwake kwamba mwakani sipo."

Kwa hiyo wiki zote zile, wakati mimi napima chupa yake, yeye alikuwa anapima uso wangu.

Nilimwambia alichosema daktari, neno kwa neno. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Apa."

Nikaapa. Hata hivyo aliniangalia kidogo, kama fundi anayeangalia ubao kama umenyooka, kabla ya kuchukua tezo.

Hatukukumbatiana wala kulia. Nilimwambia kama damu imepungua asinyanyue magogo, akasema hajawahi kunyanyua, kazi yake ni kuchonga akiwa amekaa. Nikamuuliza binamu, binamu akathibitisha. Ndiyo, nilimuuliza. Shaka haifi siku moja.

Safari ya tano tuliingia kwa daktari pamoja. Mume wangu akasema, "Daktari, kuanzia leo lolote utakalosema, utuambie wote wawili tukiwa tumekaa hapa." Alikubali. Damu ilikuwa imepanda, akawekewa ile dripu iliyoahirishwa, kisha mbili zilizobaki. Vipimo vilipotoka hawakuona uvimbe wowote. Daktari hakusema amepona. Alisema tutaendelea kuangalia, na kila mmoja wetu alikuwa anamtazama mwenzake wakati akisema.

Bado sijawa mtu wa kuamini upesi. Akikaa chooni sana nagonga mlango. Akisema hajisikii njaa nauliza mara mbili. Naye nikizungumza kwa simu uani, anatoka kuuliza ni nani. Tumekubaliana kwamba hiyo ni haki yetu, ila jibu lazima liwe la kweli.

Kipimo kijacho ni mwezi ujao. Tumeshakata tiketi mbili za basi, viti vya pamoja.