Siku Nilipowakomboa Ng'ombe wa Baba

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na maana ya uhuru nilikuwa nimeshaimaliza. Ilikuwa kurasa kumi na mbili zilizopigwa taipu: mtu hawi huru mpaka aachane na mali. Kwa bahati mbaya mimi sikuwa na mali ya kuachana nayo. Baba alikuwa na ng'ombe wanane, nyumbani karibu na Nyamuswa.

Likizo hiyo kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinaanzisha zizi la pamoja. Mkutanoni mwenyekiti aliuliza nani ataanza. Watu wakatazama miguu yao. Nikasimama, nikaeleza unyonyaji kwa nusu saa, kisha nikatangaza kwamba familia yetu inatoa wote wanane. Wenye ng'ombe ndio waliopiga makofi zaidi.

Baba alikuwa shambani kwenye pamba. Jioni nikampelekea habari njema.

"Wote?"

"Wote, baba. Sasa uko huru."

"Yule mwekundu ni wa shangazi yako wa Butiama. Wale wawili wenye mabaka ni wa rafiki yangu wa Bunda." Akaendelea hivyo mpaka wa nane. "Wangu ni yupi hapo, msomi?"

Hakuwepo. Wake alikuwa amewapeleka kwa watu wamtunzie, wanywe maziwa. Na yeye alitunza wa watu. Nilikuwa nimekua kwa maziwa ya ng'ombe wa wengine, halafu nikasafiri siku mbili kwenda kufundishwa ujamaa.

"Nikiwaweka wote hapa, ugonjwa unawamaliza wiki moja," alisema. "Wakiwa kwa watu, tangu zamani huwaga natoka hapa mpaka Musoma bila kuuliza nitalala wapi. Sasa nenda ukamwambie shangazi yako."

Shangazi alinisikiliza huku anapepeta mtama.

"Umemtoa ng'ombe wangu?"

"Kwa ajili ya kijiji, shangazi."

"Kijiji chenu. Na mimi hapa ninao watatu wa baba yako. Kesho nitasimama mkutanoni kwetu niwatoe, halafu tuone mwenye uhuru mwingi ni nani."

Nilirudi mbio. Ng'ombe walikuwa wachukuliwe Jumatatu. Jumapili nikaomba nafasi mkutanoni, nikayameza maneno yangu mbele ya watu walewale. Nilisema kwamba walioko kwetu si wetu.

Nilitegemea kuzomewa. Badala yake mzee mmoja akainuka taratibu. "Ndugu mwenyekiti, hata walioko kwangu si wangu." Akafuata jirani yake, na wa nyuma yake. Mwenyekiti aliandika majina karibu arobaini, na mbele ya kila jina akaandika: hana. Hakuna aliyedanganya. Alipomaliza akafunika kalamu, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye aandikwe hivyohivyo.

Tulipofika nyumbani baba alimkama yule mwekundu, akanipa kibuyu.

"Kunywa," alisema. "Ila ujue unakunywa ya shangazi yako."