Mtafiti Mlangoni kwa Mama Mkwe

Siku hizi shemeji yangu Wabwile anaitwa Profesa, nami sina neno. Lakini asije mtu akaniambia ati alizaliwa na kipaji cha sosholojia. Nilikiona kipaji hicho kikimwingia, na kilimwingia Kitale, kwenye shamba la mahindi la mlowezi mmoja, alikokuwa karani wa kuita majina ya vibarua.

Mwaka wa 1949 alikuja Mzungu mwembamba wa chuo kikuu akitafuta mkalimani. Alikuwa akiwauliza watu wa Bungoma wanaoana vipi, wanazikana vipi, na nani hasalimiani na nani. Wabwile alizunguka naye, akagundua jambo lililomlevya: kumbe duniani kuna kazi ya kuwauliza watu mambo wanayoyajua, ukawapelekea wasioyajua, ukaitwa msomi. Mzungu akampenda, akamtafutia nafasi ya masomo Uingereza. Dada yangu Nekoye, mkewe, akabaki nyuma akimlimia shamba.

Alirudi 1957 na koti zito lisilofaa jua letu, na somo alilolipenda kuliko yote: mwiko wa wakwe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawakai nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Wabwile aliyajua hayo vizuri sana. Wakati wa uchumba alijitupa mtaroni na suruali yake nyeupe, alipomwona mama yetu akitoka sokoni. Lakini mwalimu wake alikuwa ameandika kwamba kwa Wakristo mwiko huo umekufa, na mwanafunzi akataka kuthibitisha. Mama wakwe wamejaa Bungoma nzima. Yeye akamchagua wake.

Alifika kwetu Misikhu mchana, mimi nikiwa nyuma nafunga ng'ombe. Mama alikuwa ndani anapepeta wimbi. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na Wabwile aliweka kigoda papo hapo mlangoni, akakaa.

"Mama, usiogope," akasema kwa sauti ya mhubiri. "Leo mimi si mkwe. Mimi ni mtafiti."

Ndani nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Swali la kwanza. Ukiniona, unasikia namna gani?"

Nilichosikia mimi ni jembe likipiga ukuta. Mama yangu, mzee wa kanisa anayeheshimiwa, alitoboa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akatoka kichwa kwanza na udongo kwenye nywele, akakimbilia migombani akilia. Kule mbele Wabwile alikuwa amefika swali la tatu.

Nilikasirika sana. Wazee wa ukoo, wao, hawakutaka makubwa: alete kondoo na blanketi, heshima ya mama irudi. Mpaka hapo Nekoye akae kwetu. Wabwile alikuwa na kondoo zizini kwake.

"Siwezi, bana," akaniambia. "Nikilipa, nitaharibu utafiti. Lazima nione itatokea nini."

"Si utakosa bibi."

"Hata hiyo ni matokeo, shemeji."

Nekoye, aliyekuja na mumewe kusikiliza wazee, alikuwa amesimama hapo uani kwetu na mzigo wake tayari kichwani, akidhani wanarudi nyumbani pamoja. Aliutua taratibu, akaingia ndani.

Hata hivyo alimngoja. Dada yangu alimpenda mtu yule, na ndilo linaloniuma. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa Wabwile alipotokea njiani. Nekoye alinawa uso, akavaa gauni lake la Krismasi, akatoka uani. Mume hakuja na kondoo. Alikuja na karatasi. Sasa, akaeleza, alikuwa anachunguza wanawake waliorudi kwao.

"Nekoye, si utanisaidia?" akasema, akailamba ncha ya penseli. "Maswali ni machache. La kwanza: umeolewa?"

Nekoye alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Bado," akajibu.

Akaniomba nimletee mgeni maji ya kunywa, akaenda kuanua nguo. Wabwile alibaki na penseli hewani. Kisha akakunja karatasi yake, akaniuliza kama nyumbani kwa jirani kuna mwanamke aliyeachika.