Udongo Niliouandaa kwa Lengalenga

Hasira yangu haijaisha, na sitaki kujifanya imeisha. Padri ameniambia nisamehe, mama mkwe ameniambia ninyamaze, na mume wangu hajaniambia kitu, maana anajua nitamjibu nini. Acha nieleze yalivyokuwa, nianze na udongo, kwa sababu ugomvi wote ulitoka humo.

Tunakaa komini ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, si ile nchi, kwenye lupango, kiwanja alichotuachia baba mkwe. Mbele kuna nyumba yetu, nyuma kuna chumba kimoja cha matofali, na katikati kulikuwa na kipande cha ardhi nyekundu, ngumu kama sakafu. Kila mwaka nilipanda pale lengalenga, mchicha wetu wa kulia bukari, yaani ugali, na kila mwaka ulitoka na majani ya njano yasiyozidi kidole. Jirani mmoja alisema ni vumbi la madini, mwingine alisema kuna mtu ametuloga. Mimi niliona tu kwamba ardhi ile haina uhai. Ukiichimba hukuti hata nyungunyungu mmoja.

Kiangazi kimoja nikaamua kwamba sitaihangaikia tena. Nitatengeneza udongo mwingine juu yake, kwa mikono yangu. Nilikwenda upande wa Luano, kwenye vichuguu vilivyo mbali na barabara, nikachimba, nikajaza mifuko, nikaileta nyumbani kwa pikipiki, mmoja mmoja, dereva akinung'unika kila mara. Udongo wa kichuguu nikauponda mpaka ukawa unga. Mavi ya kuku nilipewa na mama mmoja mfugaji, lakini sikuyatia mabichi, kwa sababu mabichi huunguza mizizi. Niliyaacha yapoe wiki nyingi chini ya majani makavu ya parachichi. Nikaongeza pumba za mahindi, maganda ya karanga, maganda ya viazi na majivu kidogo ya jikoni. Nilivilaza tabaka juu ya tabaka, nikamwagia maji, nikafunika kwa magunia.

Mimi ni mshonaji. Mchana nilikuwa kwenye cherehani, asubuhi nilikuwa kwenye rundo, nikiligeuza kwa jembe. Likinuka kama mkojo, naongeza majani makavu. Likikauka, naongeza maji. Lilikuwa linatoa mvuke kama sufuria, na mume wangu alikuwa anapita akicheka: "Bibi yangu anapika takataka." Mgongo uliniuma kiangazi kizima, na hakuna siku hata moja aliyoshika jembe lile.

Mvua za kwanza ziliponyesha, rundo lilikuwa limegeuka udongo mweusi, mwepesi, unaomeguka mkononi kama keki. Nyungunyungu walikuja wenyewe, sijui walitoka wapi. Nikatengeneza matuta matatu, nikayazungushia matofali ya zamani, nikapanda lengalenga na matembele. Baada ya wiki chache majani yalikuwa mapana kama kiganja. Wanawake wa barabara yetu walikuwa wanaingia kuyashika tu. Walianza kuniita mama bulongo, mama udongo, na nilifurahi, sitakataa.

Mnamo Januari mama yangu aliugua kule Likasi. Nilikaa naye hospitali wiki saba, nikilala chini kando ya kitanda chake, mpaka alipoweza kutembea tena. Kabla sijaondoka nilimwambia mume wangu, "Mukate majani tu, musing'oe shina. Mvua itafanya kazi yote." Akasema sawa. Wakati huo mdogo wake alikuwa amekuja kutoka Mitwaba, amekaa katika kile chumba cha nyuma. Ni mtu mzima aliyepita miaka thelathini, mwenye maneno matamu, anayeniita yaya, dada mkubwa, na kunisalimia kwa mikono miwili.

Nilirudi asubuhi moja mwezi wa tatu. Kitu cha kwanza nilichoona ni uzio wa turubai na mabati mabovu kuzunguka bustani yangu. Nikausukuma. Lengalenga hazikuwepo. Matembele hayakuwepo. Mashina yalikuwa yametupwa ukutani, yamekauka. Kwenye matuta yangu yote matatu ilikuwa imesimama mimea mingine, mirefu hadi magotini, yenye majani yaliyochongoka kama vidole. Sikuhitaji kuambiwa. Harufu yake naijua tangu utoto, wazee wanaiita diamba, vijana wanaiita bangi.

Shemeji alitoka chumbani akiwa na kikombe cha chai. Hakustuka. Alitabasamu.

"Yaya, umerudia! Mama iko salama?"

"Hii ni kitu gani?"

"Usiogope, yaya. Ni ya muda kidogo tu. Lakini uniambie kweli, ulitia nini mu ile bulongo? Ku Mitwaba nilipanda mara mbili, haikuota hivi. Hapa inaota kama imetumwa!"

Miezi ya kugeuza mavi, mifuko ya Luano, mgongo wangu, na huyu mtu ananisifu! Nikaingia ndani kumtafuta mume wangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini.

"Ulijua?"

"Nilimukatalia, akaendelea," alisema bila kuinua kichwa. "Ni ndugu yangu. Ningemufukuza aende wapi?"

"Na lengalenga yangu uliona inang'olewa?"

"Mama watoto, ni mboga. Mboga inaota tena."

Nikamwambia kwamba Jumapili tukitoka misa sitaki kukuta hata jani moja, la sivyo nitang'oa mwenyewe na kutupa katikati ya barabara watu wote waone. Ilikuwa Alhamisi. Leo najilaumu kwa kitu kimoja tu, kwamba niliwapa siku tatu. Ningeng'oa palepale, na viatu vya safari miguuni.

Polisi walikuja Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, wanaume wawili na mkubwa wao. Nani aliwaita sijui. Uzio ule ulikuwa unapiga kelele kuliko mimea yenyewe. Shemeji alisikia mlango wa mbele ukigongwa, akaruka ukuta wa nyuma, akaacha hata simu yake kitandani. Tukabaki mimi na mume wangu tumesimama kwenye lupango, majirani wakichungulia.

Mkubwa wa polisi aliinama, akachota udongo, akausugua kati ya vidole.

"Huu si udongo wa Kenya," alisema. "Huu umetengenezwa. Nani alitengeneza hii bustani?"

Nilimtazama mume wangu. Nilifikiri atasema yote: mke wangu aliandaa kwa ajili ya mboga, alikuwa Likasi, aliyepanda hii ni mdogo wangu.

"Ni bibi yangu," alisema.

Akaishia hapo. Nilingoja sentensi ya pili. Polisi nao walingoja kidogo. Haikuja.

Nikasema nilikuwa Likasi, lakini mkubwa wao akasema nitaeleza kituoni. Kwa hiyo walinichukua mimi. Niliomba niende na mkoba wangu, wakakubali. Nilipita mbele ya wanawake walewale waliokuwa wanashika majani yangu, na mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Kituoni niliketi kwenye benchi. Nilikuwa natamani mume wangu awe mbele yangu nimuulize swali moja tu.

Aliyekuja si yeye. Alikuja jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mwanamke Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mshonaji wa kofia. Aliingia bila kuogopa mtu.

"Komanda, huyu mama hakukuwa hapa," alisema. "Alikuwa ku hospitali ya Likasi na mama yake. Mimi niliona lengalenga inang'olewa, na niliona nani aling'oa. Muniandike jina."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba karatasi ya hospitali ilikuwa bado mkobani, ile ya mlinzi wa mgonjwa, yaani anayemuuguza, yenye jina langu na tarehe ya kuingia na kutoka. Mkubwa wa polisi aliisoma mara mbili. Akaniuliza mimea ile ina umri gani. Nikamwambia wiki tano, zikizidi sana sita. Mtu anayejua udongo anajua na hilo. Akaikunja karatasi, akanirudishia, akasema niende nyumbani, na kwamba wanamtafuta shemeji. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba udongo wangu ni mzuri sana. Nilikuwa nimechoka kusifiwa udongo huo na watu wasiofaa.

Nyumbani nilikuta bangi imeng'olewa na kuchukuliwa, na matuta yamekanyagwa na viatu mpaka matofali yameanguka. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni.

"Ulitaka niseme uongo?" aliniuliza.

"Hukusema uongo. Uliniuza kwa ukweli nusu."

"Yule ni mudogo wangu, damu yangu."

"Na mimi ni nani?"

Nikaenda kuchukua jembe na mifuko. Nilianza kuchota udongo wangu, wote, tangu kona ya kwanza, nikajaza mfuko baada ya mfuko. Yule jirani mshonaji wa kofia alikuwa ameniambia tukiwa njiani kutoka kituoni kwamba nyuma ya nyumba yake kuna nafasi. Tulisukuma mkokoteni pamoja siku nne. Mama mkwe alikuja kuniambia kwamba mwanamke hahamishi kitu cha familia. Nikamwambia ardhi nyekundu ya familia ipo palepale, nimeiacha yote, mpaka kokoto.

Bado nakaa kwenye nyumba ile. Napika, nashona, watoto wanasoma. Shemeji hajaonekana Lubumbashi tena. Anatuma salamu kwa simu ya kaka yake, na kaka yake anaondoka sebuleni kuzipokea. Mboga zangu ziko ng'ambo ya ukuta, na jirani yangu amejifunza kugeuza rundo vizuri kuliko mimi.

Wiki iliyopita mume wangu alikuja kule kwa mara ya kwanza. Wanawake watatu walikuwa wanangoja niwakatie majani. Alisimama nyuma yao, amebeba gunia.

"Nimeleta majani makavu," alisema. "Nilisikia yanapungua."

"Weka pale," nikamwambia, nikaendelea kukata.

Aliweka. Akasimama kidogo, akitazama rundo linavyotoa mvuke, kisha akauliza jembe liko wapi. Nilimwonyesha. Aligeuza vibaya, akirusha takataka mbichi juu ya zilizoiva, na sikumwelekeza. Nilimwacha atoke jasho.