Mbwa Aliyeletwa kwa Bi wa Wawi

Haya niliyaona kwa macho yangu, na macho yangu hayakosei. Pale Wawi, Bi mmoja anayetunza punda na paka waliotupwa aliletewa mbwa aliyevunjika mguu. Mara jirani yake akaja mbio, kanzu kaikunja mpaka magotini.

“Bi, mtoe huyo! Akikulamba ni kujiosha mara saba, moja kwa udongo!”

“Maji ninayo, na udongo ndio huo unaoukanyaga. Hatoki mpaka apone. Nishikie kichwa nimfunge mguu.”

Jirani akazunguka ua, akaguna, akazunguka tena. Mwisho akakishika. Mbwa akamlamba mpaka kiwiko.

Kuosha sote twajua. Kushika ndiko kunakotushinda. Mimi nilishika miguu ya nyuma. Basi, hapo tu nimeongopa: nilikuwa juu ya ukuta.