Saadia na Programu Moja Mpya

Usiku kucha nilingoja simu ya binti yangu Saadia, haikuja. Alikuwa amejifungia na kompyuta kubwa katika ofisi ya wasafirishaji wa mifugo, hapa Chechelesi. Kompyuta hiyo ndiyo hutoa karatasi za kupakia malori, na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Malori yasipotoka, kazi yake hapo ingekuwa imekwisha. Sisi nyumbani tunakula kwa kazi hiyo.

Baada ya swala ya alfajiri nilibeba thermosi ya chai. Mwenye ofisi, Abdihakim, alikuwa ameketi nje ya mlango.

"Salaam aleikum. Mtoto wangu ameharibu nini?"

"Aleikum salaam, Mama Saadia. Alitaka kuingiza programu moja mpya, ya kusoma namba za hereni za masikioni mwa ng'ombe. Nikamwambia abadilishe programu zote, alete mpya tupu. Mtu akikuuzia boma zima kwa bei ya ndama, utachukua ndama peke yake?"

"Kwani mpya si ndiyo nzuri?"

"Nilidhani hivyo. Sasa haziskizani na zile za zamani. Mashine imekwama."

Nilijaribu kuelewa. "Ng'ombe mgeni akitoka mbali, Garbatulla, wewe unamchanganya na wako siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Lakini hizi programu hazina kupe wa kuambukiza."

"Zina nini basi?"

"Sijui, mama."

Nikagonga mlango. Sauti ya Saadia ilikuwa imekauka. "Mama, nimerudisha mashine ilivyokuwa jana. Sasa ninaingiza ile moja tu, iliyotengenezwa ikae na za zamani. Inakuja na nyingine mbili inazozitegemea."

"Kama mbuzi anayenyonyesha, huwezi kumchukua ukamwacha mtoto?"

"Karibu hivyo. Usigonge tena."

Sikuelewa mtu anarudije jana ili aende mbele. Huko barabarani madereva walianza kupiga honi. Abdihakim alitazama simu yake, akaiweka mfukoni, akaitoa tena.

"Utamfukuza?" nikamuuliza.

Aligeuka kuangalia malori barabarani.

Ndipo ndani nikasikia printa ikikwaruza. Ikanyamaza. Ikaanza tena, na safari hii ikaendelea. Abdihakim akasimama.

Kitasa kikazunguka. Saadia akatoka, macho mekundu, mkono mmoja umeshika karatasi za malori, mwingine umenyooshwa kwa thermosi yangu.

"Na zile mpya zingine?" Abdihakim akauliza.

"Nimeziacha huko huko kwao," akasema, akauacha mlango wazi.