Ufunguo wa Kabati la Sumu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo upande wa Shelui, sikugusa dawa. Nilipewa brashi na chupa tupu, nikaambiwa nizisugue mpaka maji yateleze juu ya kioo. Kando yangu aliosha Msengi, kijana wa Kiomboi aliyeajiriwa siku hiyo hiyo. Alinusa chupa moja, akakunja uso.

"Hii bado ina haluli. Mtu akitiliwa dawa ya kikohozi humu, atakohoa huku anakimbilia chooni."

Nilicheka. Zangu nilikuwa nimeshazipanga rafuni bila kuzinusa.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala, na sisi tuliitwa madresa, yaani watu wa kufunga vidonda. Juu yetu alikuwepo mchanganya dawa, fundi wa kupima dawa kwa kufuata cheti cha daktari. Yeye ndiye aliyening'iniza kiunoni ufunguo wa kabati la sumu, walimofungia dawa kali kama maji ya afyuni, ambayo kidogo hutuliza tumbo na nyingi huua. Niliutaka ufunguo ule kuliko nilivyotaka kuoa.

Kuingia masomo ya kuchanganya dawa hakukuwa rahisi. Ilitakiwa uwe umemaliza darasa la sita, uweze kusoma Kiingereza cha kwenye chupa, na mkubwa wako wa kazi akushuhudie kwamba hunywi pombe. Mwisho ulifanya mtihani wa mikono mbele ya Bwana Mganga wa Wilaya. Mwaka wetu nafasi ilikuwa moja. Mimi na Msengi tulipanda lori la ngozi kwenda Singida mjini, tukaulizana vipimo njia nzima. Nilijibu vizuri kuliko yeye.

Bwana Mganga, Mwingereza mrefu asiyependa kelele, alitupa vyeti vilivyofanana: dawa ya kuzuia kuharisha, ya mtoto mdogo. Nilipima kama tulivyofundishwa. Kipimio nilikiinua usawa wa macho. Chupa niliishika lebo ikiwa kiganjani, ili dawa isiichuruzikie na kufuta maandishi. Niliona kwamba afyuni iliyoandikwa ilikuwa nyingi mno. Niliona, nikamimina. Nikawa wa kwanza kufunga kizibo.

Msengi alikuwa bado amesimama na cheti mkononi, jasho linamtoka.

"Samahani, Bwana Mganga. Dawa hii ni ya mtoto au ya ng'ombe?"

Nikajua amejimaliza. Nani kati yetu aliwahi kumwuliza Mzungu hivyo? Lakini Bwana Mganga aliichukua chupa yangu, akaimwaga kwenye beseni.

"Wewe hukuona?"

"Niliona, Bwana."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Wewe ndiye uliyeandika, Bwana."

"Basi siku nikikosea kweli, tutamwua mtoto wa watu, mimi na wewe."

Msengi akaenda Dar es Salaam kusoma. Mimi nilihamishiwa Iguguno kufunga vidonda, na baadaye nikaletwa chini yake. Alikuwa na koti jeupe, na ufunguo ukimlialia kiunoni kila alipopiga hatua. Nilimwita Bwana Mchanganya Dawa.

"Niite Msengi, ndugu yangu. Tumeosha chupa pamoja."

"Cheo ni cheo, Bwana."

Aliniangalia, akarudi kwenye mizani yake. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikumwita jina. Nilimwonea wivu kwa koti, kwa nyumba ya bati, hata kwa jinsi akina mama walivyomwamkia. Kama angalikuwa na akili kunishinda, ningalilala usingizi. Lakini tuliona kitu kile kile, siku ile ile. Yeye alifungua mdomo.

Tulistaafu tukiwa wazee. Msengi alipougua mara ya mwisho, nilikwenda kukaa naye hospitalini. Nesi kijana akaja na dawa katika kikombe kidogo. Ilionekana nyingi kwangu. Nikainuka kitini.

"Binti, samahani. Hii ni ya mtu au ya ng'ombe?"

"Shikamoo, babu. Ni ya mtu. Nimepima mwenyewe, iko sawa."

Msengi alikuwa amefumba macho. Mabega yakamtikisika kwa kicheko.

"Umechelewa kuuliza, bwana."

"Nimechelewa, Msengi," nikasema.

Tulimzika wiki hiyo. Matangani mwanawe aliisimulia habari ya ng'ombe, watu wakacheka na kulia. Nilikaa nyuma, nikamwonea wivu hata pale, na hivi ninavyoandika sijaacha, ingawa ninamkumbuka kila siku.

Wajukuu zangu wanataka kusomea famasia. Jioni wananionyesha alama zao za kemia na baiolojia, wananiuliza kama zitawaingiza chuoni. Ni alama nzuri. Mimi pia nilikuwa nazo.